Daftari la Walioanguka

4 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Natumaini barua hii inakukuta na vidole vyote kumi, maana kwa mtu wa msumeno hiyo ndiyo afya yenyewe. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako amekatazwa na daktari sukari kwenye chai, kwa hiyo ana hasira na kila mtu isipokuwa daktari. Mpwa wako amefaulu mtihani wa udereva mara ya tatu, na anatembea kama vile ilikuwa mara ya kwanza.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haifai. Nikipiga, Mama anaweka sauti ya juu, mnaongea wawili kwa pamoja, na nikiuliza swali gumu mtandao unakatika. Ajabu yake unakatika hapo hapo kwenye swali.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi Mama aliniambia, akidhani ni kichekesho, kwamba siku hizi akiwa ndani anatembea "kwa kushikana mikono na kabati". Sikucheka. Nina miaka kumi na tisa kwenye hii nyumba ya kulelea wazee, na mtu anayeshika kabati leo ndiye tunayemwokota sakafuni mwezi ujao. Mama ana miaka sabini na minane, yuko peke yake kwenye vyumba vitatu, na wewe uko karakana ng'ambo ya barabara unapiga randa. Hata tangi la maji likidondoka husikii.

Nina mawazo mawili. La kwanza ni kuja kumchukua akae nami, chumba kipo. Najua atakachosema, na najua utakachosema wewe. La pili ni kwamba uanzishe huko kile tunachofanya huku. Hakuna uganga ndani yake. Unapita nyumba kwa nyumba unaondoa vinavyoangusha watu na kuweka vya kushika. Mnafanya mazoezi ya miguu mara mbili kwa wiki. Muuguzi anakagua dawa zinazoleta kizunguzungu. Na kila anayeanguka anaandikwa, hata kama ameangukia zulia na kucheka. Usifanye kwa Mama peke yake, atasema mnamfanya mgonjwa. Wachukue wazee wote wa mtaa, na yeye awe mmoja wao. Ikiwezekana awe kiongozi. Unamjua.

Sharti langu ni moja, na ulisome mara mbili. Mama akianguka mara moja, nakuja kumchukua. Sitauliza kama aliumia.

Msalimie, na umwambie kabati halina mikono.

Dada yako


26 Februari

Dada, shikamoo.

Vidole viko kumi, ingawa kimoja kimefungwa plasta na hakitaki kuulizwa. Huku wote wazima. Mke wangu anasema nyumba ya seremala ndiyo yenye kiti cha miguu mitatu, na kweli kipo, na ndicho anachonikalisha mimi. Mama anakusalimu sana. Anasema kabati lile miaka yote hajalisikia likimjibu, jambo ambalo hawezi kulisema juu ya watoto wake.

Nilianzia zahanati. Sista wa pale, yule muuguzi mrefu anayeita wagonjwa mpaka wa nje ya geti wanasimama, alinitazama kama nimekuja kuomba cheti cha kukwepa kazi. Nilipomweleza akafungua droo, akatoa karatasi. Mwaka jana peke yake amepeleka hospitali nyonga nne zilizovunjika, zote zikiwa zimevunjikia nyumbani. "Hakuna hata mmoja aliyegongwa na gari," akasema. "Barabara tunaisingizia." Akatupa benchi la kusubiria, Jumanne na Ijumaa saa kumi, wagonjwa wakishaondoka.

Wazee wako kumi na wanne. Wawili utawakumbuka. Yupo yule dereva mstaafu wa lori, sasa tunamwita Breki, kwa sababu akitembea anasimama kila baada ya hatua tatu na kushika kilicho karibu, kiwe ukuta au mpita njia. Na yupo Mwalimu, aliyetufundisha hesabu sote wawili akanichapa mimi peke yangu. Anakaa peke yake, na ngazi za kuingilia kwake zilikuwa na vitabu kila kidato. Nikamwomba avitoe. Akaniuliza mimi nimesoma vingapi.

Zoezi la kwanza ni kuinuka kitini bila kutumia mikono. Ungesikia magoti! Kama watu wanavunja kuni. Mama aliinuka wa kwanza, akawatazama wenzake waliobaki chini, na tangu siku hiyo anajiita mwenyekiti.

Nyumba nazo nimezipitia moja moja. Waya za umeme zilizokatiza ukumbini, kandambili zilizolika hadi unaona sakafu, balbu zilizoungua tangu mwaka juzi. Breki alikuwa na mkeka mlangoni, ukiukanyaga unaondoka na wewe. Nilipouviringisha akalalamika kwamba umekaa pale miaka ishirini. Nikamwambia miaka ishirini iliyopita breki zake zilikuwa mpya.

Lakini ninachojivunia ni vishikio. Nimevichonga mwenyewe kwa mbao ngumu, nikavipaka vanishi mara tatu, na nimevifunga ukutani kwenye mabafu ya nyumba kumi na moja, cha Mama kikiwa cha kwanza. Kila kimoja nimekining'inia mwenyewe, miguu juu, mwenye nyumba akitazama. Hakuna kilichotikisika.

Sharti lako nimelisoma mara mbili. Mara ya pili lilikuwa kali zaidi. Mama naye amelisoma, maana aliikuta barua kwenye sanduku langu la vifaa, na sanduku la mtoto wake haliiti la mtu mwingine. Aliikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imefika na vumbi la mbao ndani yake. Shemeji yako aliisoma ile sehemu ya magoti kwa sauti, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aachane na sukari. Mpwa wako amegonga nguzo, polepole. Mimi sijambo, ila ngozi ya mikono inapasuka kwa maji ya moto na sabuni. Kazi ni ile ile.

Mmefanya vizuri, na mwambie Sista nasema hivyo. Nina mambo mawili tu.

La kwanza ni daftari. Umenieleza magoti, mkeka na vanishi, daftari hukulitaja. Nunua la jalada gumu, aandike Sista: tarehe, nani, wapi, alikuwa akifanya nini, na chanzo. Kwenye chanzo msiandike "uzee". Uzee haujawahi kumwangusha mtu. Kinachoangusha ni waya, ni maji, ni kidonge kilichonywewa tumbo likiwa tupu. Na ujue mzee akianguka hafikirii maumivu kwanza. Anageuza shingo kuangalia kama kuna aliyemwona. Ukisubiri wakuambie wenyewe, utasubiri.

La pili ni vishikio. Vimefungwaje? Wewe ni mtu wa mbao, na ukuta si mbao. Huku vinafungwa na watu wa ujenzi, na kila mwezi mfanyakazi mzito kuliko wote anazunguka kuvivuta. Nijibu hili, hata kama mengine yote hutayajibu.

Dada yako


2 Mei

Dada, shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Palikuwa na oda ya viti vya ukumbi, palikuwa na mvua, palikuwa na foleni posta. Chagua mojawapo, zote zina ukweli kidogo.

Huku wazima. Mke wangu amekitengeneza mwenyewe kile kiti cha miguu mitatu, kwa kamba na hasira, na sasa ni imara kuliko vyote nilivyouza mwaka huu.

Daftari nimenunua, jalada jekundu, Sista analifungia kabatini pamoja na dawa. Na habari yake ni njema: mpaka leo halina jina hata moja. Wazee kumi na wanne, wiki tisa, sifuri. Sista anafikiria kuandika taarifa kwa wakubwa wake, mitaa mingine ije ijifunze. Breki siku hizi anafika hatua saba kabla ya kusimama, na anazihesabu kwa sauti ili wenye wivu wasikie.

Mama hajambo kabisa. Ijumaa alifanya mazoezi akiwa amekaa, na sweta lake mwilini, akasema amechoka kuwaonyesha wenzake. Na joto lilivyokuwa! Unamjua, akiamua.

Vishikio viko vizuri. Vinapendeza. Watu wa mtaa wa pili wameanza kuviulizia.

Mdogo wako


15 Mei

Fundi,

Sote wazima. Salamu zilizobaki utazipata siku nyingine.

Hapa ninapofanya kazi sakafu ni tambarare, taa haizimwi, na kuna watu walioajiriwa kuwashika wazee mkono. Wazee ni arobaini. Kila wiki anaanguka mmoja, wiki mbaya wanaanguka watatu. Wewe una mabafu ya mtaani na ngazi za vitabu, na una sifuri. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba watu hawaanguki. Inamaanisha wamenyamaza.

Nilikuuliza vishikio vimefungwaje. Ukanijibu vinapendeza.

Na Mama havai sweta. Tulipokuwa wadogo alitufunga masweta mpaka shingo ikawasha, yeye mwenyewe mikono wazi. Kuna nini chini ya hilo sweta?

Usinipigie simu. Andika.

Dada yako


24 Mei

Dada, shikamoo.

Mke wangu na watoto wazima. Nimekaa na karatasi hii tangu chai ya asubuhi, na penseli nimeichonga mara nne bila kuitumia, kwa hiyo niseme tu.

Mama alianguka tarehe kumi na moja Aprili, asubuhi. Alikuwa anatoka kuoga, akashika kishikio changu, kikaja chote, na skrubu zake, na nilichozifungia ndani yake. Akaangukia ukingo wa sinki kwa mkono wa kushoto. Haukuvunjika, najua kwa sababu anaukunja, lakini ulikuwa mweusi kuanzia kiwiko mpaka kwenye kiganja. Zahanati hatukwenda. Kwenda zahanati ni kuingia kwenye daftari.

Mimi sikusikia kitu. Alinifuata mwenyewe. Alivuka barabara amekibeba kishikio kwa mkono wa kulia, akakiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya randa na gundi.

"Kitu chako hiki," akasema.

"Mama, umeanguka?"

"Wewe umesikia mtu ameanguka?"

"Nilikuwa napiga randa."

"Basi hakuna aliyesikia, na daftari lisisikie." Akapumzika kidogo, akishika meza. "Nyumba ile nina miaka arobaini na sita ndani yake. Sitolewi na skrubu zako."

Nikakubali. Usidhani nilikubali kwa ajili yake tu.

Ulipouliza mwezi wa tatu vishikio vimefungwaje, nilikuwa bado najiamini, nikasema nitajibu nikipata nafasi. Nilipoipata, Mama alikuwa ameshaanguka. Jibu ni hili: nilifunga kwa vigingi vya mbao. Ndivyo nilivyofundishwa. Unatoboa ukuta, unapigilia kigingi kikavu kwenye tundu, skrubu inauma kwenye kigingi. Sebuleni kinashika rafu mpaka wajukuu wanairithi. Lakini bafuni kigingi kinakunywa maji na kuvimba, siku za kwanza kinabana kuliko chuma, ndiyo maana nilining'inia kama popo bila wasiwasi. Kisha kinakauka, kinalowa, kinakauka tena, na kila kikikauka kinasinyaa kidogo. Baada ya wiki sita kinacheza ndani ya tundu, na kwa nje vanishi bado inang'aa. Miaka ishirini na miwili kwenye kazi ya mbao, Dada, na nikasahau kwamba mbao inakunywa.

Cha Mama nimekifunga upya kwa bolti ndefu zinazopenya ukuta mpaka nje, na bamba la chuma upande wa pili. Zikabaki nyumba kumi. Ningezimaliza kwa wiki moja kama ningesema kwa nini nimekuja. Kwa kuwa sikutaka kusema, kila nyumba ilidai uongo wake. Kwa Breki nilisema naongeza vanishi. Kwa mwingine nilisema nimebakiwa na bolti nzuri, ni dhambi kuziacha zipate kutu. Uongo nao unahitaji muda wa kuutunga. Kwa wiki sita nimefanya nyumba nne.

Jana nilikwenda kwa Mwalimu. Alisimama mlangoni, miwani usoni.

"Kishikio changu kina nini?"

"Hakina kitu, Mwalimu. Nataka tu kukiimarisha."

"Kama hakina kitu, unaimarisha nini?"

"Ni kawaida tu, ukaguzi."

"Bafu nimelisugua leo, sitaki vumbi lako. Hata darasani ulikuwa hivi hivi, unaleta jibu huna njia. Nenda. Ukipata njia, rudi."

Nikaenda. Nitarudi kesho kutwa, nimtafutie sababu bora.

25 Mei, barua hii hii

Jana sikuituma. Mwalimu ameanguka leo asubuhi.

Jirani alisikia mtu anagonga sakafu. Walipovunja mlango wakamkuta chini, kishikio bado kiko mkononi. Alikuwa anagongea nacho ili asikike. Ni nyonga. Sista alipata gari, wamempeleka hospitali, na mimi nilisaidia kubeba machela upande wa miguu, kwa sababu upande wa kichwa angeniona.

Sista alikiokota kile kishikio, akavipapasa vigingi kwa kidole gumba. Akaniuliza, "Hiki ndicho cha kwanza kuchomoka?"

Nikasema ndiyo.

Zimebaki nyumba tano. Na wote watano ni watu wasafi, wanaoga kila siku.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano nilikupigia, ukaniambia umefanya nyumba mbili zaidi na bado unawasimulia habari za vanishi. Safari hii haukuwa mtandao. Nilikata mimi.

Niliyoyasema kwenye simu siyarudii, jirani zangu wameyasikia. Hapa naandika nisiyoweza kuyasema kwa mdomo.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilikuwa na mzee mmoja, alikuwa fundi saa, vidole vyembamba, mtu wa utani. Alasiri moja aliteleza kando ya kitanda nikiwa namalizia zamu. Nilimwinua. Hakuwa na jeraha. Akanishika mkono, akasema, "Binti yangu, usiandike. Wakiandika watanifunga kwenye kile kiti chenye mkanda." Mimi nilikuwa na gari la kuwahi. Kwenye kitabu nikaandika: hali njema. Siku mbili baadaye mwenzangu wa zamu, ambaye hakujua lolote, akamwacha aende mwenyewe hadi dirishani. Hakufika. Alikaa mwezi mmoja kitandani, akafa.

Nilikwenda kusema mwenyewe, wiki tatu nikiwa nimechelewa. Hawakunifukuza. Tangu mwezi wa kumi niko chumba cha kufulia, nafua shuka za wazee ambao siruhusiwi kuwashika. Ile "kazi ni ile ile" niliyokuandikia ilikuwa hiyo. Shemeji yako anajua, watoto hawajui.

Bado kuna lingine. Tiketi ya Mama nilikata Januari, kabla hata sijaandika ile barua ya kwanza. Sharti lile halikuwa sharti. Nilikuwa nasubiri aanguke. Nilitaka mzee mmoja awe wangu, nimshike vizuri, nithibitishe sijui kwa nani. Mimi ninayejua kuliko nyote kwa nini wazee wanaficha, ndiye niliyewafunga midomo wewe na Mama kwa mstari mmoja wa barua. Hilo ni langu. Lakini ule mlango wa Mwalimu ni wako, sitaubeba, na wala usinipe.

Sasa sikiliza. Nyumba zilizobaki, toa vishikio leo. Usibadilishe, toa, mtu asiye na cha kushika anajua hana, anatembea kwa hadhari. Kisha simama mbele ya wazee wote useme, na usimtangulize Mama kama ngao.

Na Mama mwenyewe muulize anataka nini. Usimjibie, usimdokeze. Atakalosema ndilo litakalokuwa. Hakuna sharti tena.

Dada yako


19 Juni

Dada, shikamoo.

Sote wazima kiasi. Mke wangu hasemi nami sana, lakini amenihamishia kwenye kiti chenye miguu minne, na bado sijaelewa kama ni heshima au ananiaga. Mpwa wangu mpongeze kwa nguzo ile, mwambie mjomba wake amegonga kubwa zaidi.

Siku ile uliponikatia simu sikungoja barua. Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista, nikamwambia Mwalimu hakuwa wa kwanza. Aliendelea kuhesabu vidonge mpaka akamaliza kopo.

"Nilijua," akasema. "Kigingi kimoja hakilegei peke yake mtaa mzima. Nilikuwa nahesabu utadanganya siku ngapi. Leo ni ya tisa." Akavaa viatu. "Twende."

Tukaenda nyumba tatu zilizobaki, tukisema sababu mlangoni kabla ya salamu kwisha. Katika nyumba ya mwisho kishikio nilikitoa kwa mkono mmoja, bila kifaa. Bibi mwenye nyumba alitazama tundu zile ukutani, kisha akakaa juu ya ndoo.

Jumanne iliyofuata nikasimama mbele ya benchi. Nilieleza vigingi, nikaeleza wiki sita, nikaeleza mlango wa Mwalimu. Mama sikumtaja, hata kabla ya kusoma agizo lako. Breki alikuwa amenikazia macho kama mtu anayeangalia lori linalorudi nyuma.

Ndipo Mama akasimama, bila kutumia mikono.

"Wa kwanza ni mimi," akasema. "Tarehe kumi na moja mwezi wa nne. Mimi ndiye niliyemziba mdomo. Sista, andika. Mwenyekiti aliwadanganya."

Akapandisha mkono wa sweta akawaonyesha, sasa limebaki doa hafifu tu.

Nikatamani mtu anitukane. Kisha Breki akasema, "Mimi mara mbili."

"Tatu," akasema jirani yake.

"Ile ya jikoni sikuanguka, nilikaa ghafla."

"Ulikaa ghafla nusu saa!"

Wakacheka, na baada ya hapo Sista hakuwahi kuandika kwa utulivu, maana walikuwa wanasema wawili wawili na kurekebishana tarehe. Kalamu moja ilikwisha. Kuanguka kumi na tisa, watu tisa, tangu Februari. Mbili ni zangu. Nyingine ni waya, ni maji ya kudekia, ni dawa ya presha kabla ya kula, na moja ni paka. Tulipouliza kwa nini hawakusema, jibu lilikuwa lile lile kwa kila mmoja. Mmoja anatishiwa na mwanawe, mwingine na mkwewe. Kila mzee ana Dada yake mahali.

Usidhani ilikwisha kwa kicheko. Mtoto wa Breki alisikia habari, Jumapili akaja na gari. Breki alipanda kiti cha mbele, mabegi mawili nyuma, akavuta mkanda akaufunga mwenyewe. Nikasogea dirishani. Akaniambia, "Wiki iliyopita nilikuwa hatua tisa, uiandike hiyo nayo." Wakaondoka. Sista amempigia mtoto mara mbili kumweleza kwamba ukweli wa baba yake haukuwa kesi ya kumhukumu. Hajapokea. Sasa Sista ametunga sheria mpya: daftari haliendi kwa watoto isipokuwa mzee mwenyewe akitaka, na kila anayeandikwa anatembelewa nyumbani ndani ya siku mbili. Sheria imechelewa kwa mtu mmoja.

Hospitali nilikwenda juzi. Wamemwekea Mwalimu chuma kwenye nyonga, na wanamsimamisha kila asubuhi akiwakosoa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Akaomba daftari. Nilikuwa nalo, Sista alinipa kwa makusudi. Alisoma mistari yote kumi na tisa, pamoja na wake, akasimamisha kidole kwenye wake.

"Chanzo: ukuta dhaifu. Nani aliandika?"

"Mimi nilimsomea Sista, akaandika."

"Ukuta haukuja kwangu na drili."

Akanipa kalamu yake. Nikafuta, nikaandika: seremala alifunga kwa vigingi vya mbao, akajua vinalegea, akaja mlangoni, akanyamaza. Ilijaa mpaka nje ya mstari. Akaisoma, akafunga daftari.

"Nikitoka hapa nitahitaji kishikio kingine," akasema.

"Nimeshaongea na mtu wa ujenzi, Mwalimu. Ana uzoefu."

"Utafunga wewe. Huyo hajamwangusha mtu bado, ataogopa nini?"

Ukuta wake nimeshaupima. Sijamaliza kuogopa.

Sasa la Mama. Barua yako ya mwisho nilimpa mwenyewe mkononi, safari hii hakuhitaji kuitafuta. Aliisoma pale dirishani, akarudia ukurasa wa fundi saa. Nikamuuliza anataka nini, kisha nikafunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Alikaa na swali siku mbili. Jana alikuwa anakunja nguo, akaniambia nichukue karatasi, niandike kama anavyosema, nisipake vanishi.

"Mwambie nitaanguka tena. Hapa nitaanguka, na kwake nitaanguka. Lakini kwake nitaanguka nikiwa mgeni."

Nikamuuliza kama hayo ndiyo yote. Akakunja shuka moja mpaka mwisho, pembe kwa pembe.

"Mwambie aje yeye. Akinikuta chini, aniinue."

Mdogo wako,
Fundi